Aliyesema "Wameingia"

Siku ya kumi na mbili tangu nyumbu waumie kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, mtu aliyewaumiza alikuwa amekaa mezani kwake Tloma, juu kidogo ya mji wa Karatu, akipakuliwa ugali na mbaazi na mke wake. Aliyekuwa akilaumiwa alikuwa amekaa upande wa pili wa meza ile ile. Alikula polepole, kama mgeni anayeogopa kumaliza mboga za watu.

Huyu wa pili jina lake Tarmo, mdogo wake Emiliana, mama wa nyumba hiyo. Umri wake miaka ishirini na tisa. Alianza kwa kuosha magari ya watalii, akabeba mahema, akapika kambini, akasoma vitabu vya ndege mpaka akaweza kuwatambua mia nne kwa mlio tu, na mwaka juzi ndipo alipopata beji ya mwongozaji. Sasa kampuni ilikuwa imemnyang'anya funguo za gari, mwenye chumba huko Arusha alikuwa amempangishia mtu mwingine, na Jumamosi kamati ya waongozaji ingekaa kuamua kama beji itabaki kifuani mwake au la.

"Ongeza basi," Emiliana alimwambia. "Unadonoa kama kuku mwenye mafua."

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini? Mawazo hayajazi tumbo." Akamwekea tonge kubwa kwa nguvu, kisha akabaki ameushika mwiko hewani. "Huyo mwanaharamu aliyekuponza, ningemjua leo, ningemfuata na mwiko huu huu mpaka kwake."

"Dada, watoto wanasikia."

"Wasikie! Mtu anakaa kwenye redio anadanganya wenzake, kazi ya mtu inapotea, halafu yeye anarudi nyumbani analala na mke wake, raha mustarehe!" Akamgeukia mumewe. "Na wewe Baba Natalia, miaka kumi na tisa uko porini na hao watu. Kweli hukuitambua sauti?"

Boay alimeza. "Redio zinakwaruza, Mama Natalia. Na ni neno moja tu. Sauti zote zinafanana."

Hilo lilikuwa kweli. Akaomba maji. Tarmo, aliyekuwa karibu na jagi, ndiye aliyemmiminia.

*

Sina budi kulieleza jambo hili la kazi yao, maana asiyelijua atadhani ni ugomvi wa redio tu.

Nyumbu wakifika ukingoni mwa Mto Mara hawavuki hivi hivi. Husimama. Hunusa maji. Wa mbele hurudi nyuma, wa nyuma husukuma, na wanaweza kukaa hivyo kutwa nzima, maelfu kwa maelfu, wakiguna kama wazee kwenye kikao cha mahari. Wakiona gari linasogea kabla hawajaanza, huvunja safu na kukimbilia popote, hata kwenye genge, pale ukingo unapokatika wima. Kwa hiyo madereva wana desturi yao. Magari yote hukaa nyuma ya vichaka, injini zimezimwa. Mmoja tu, wanayemwita jicho, huwekwa mahali penye kuonekana vizuri. Nyumbu wa kwanza akiingia majini na wenzake wakamfuata, hakuna tena kurudi nyuma. Hapo jicho husema neno moja kwenye redio: "Wameingia." Mpaka neno hilo lisemwe, hata uwe umembeba mfalme, unatulia kichakani na wageni wako na juisi zenu.

Siku ile jicho alikuwa Mzee Ombay, mtu wa makamo asiye na papara. Boay alikuwa kwenye kichaka cha mwisho, upande wa kushoto, ambako palikuwa na upenyo mdogo wa kuona kipande cha ukingo. Nyuma yake alikaa Bwana Wouter na binti yake, kutoka Uholanzi. Bwana Wouter alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, aliyeendesha tramu maisha yake yote kwenye reli zile zile za mji ule ule. Yeye na mkewe waliweka akiba miaka kumi na mmoja kwa ajili ya safari hii, na mke akafa mwezi Machi.

Boay alikuwa amebeba wageni wa kila namna: wanaolalamikia vumbi, wanaouliza simba anaamka saa ngapi, wanaotaka kuona wanyama wote kabla ya chakula cha mchana. Huyu alikuwa tofauti. Alipomwona twiga wa kwanza hakupiga picha, alivua kofia. Aliuliza jina la kila jani. Tembo walipopita karibu na gari, alishika mkono wa Boay kama mtoto, na Boay akakumbuka jinsi yeye mwenyewe, kijana wa miaka ishirini, alivyosimama juu ya kilima siku ya kwanza kuwaona nyumbu wameifunika nchi mpaka upeo wa macho, akashindwa kusema. Ilikuwa miaka mingi hajakumbuka. Alimpenda mzee yule kwa kumrudishia siku ile.

Walikuwa wamengoja siku tatu. Ndege ya kuwachukua ilikuwa inatua saa tisa alasiri, na sasa ilikuwa saa saba na nusu.

"Hawatavuka, siyo?" mzee aliuliza.

"Watavuka, mzee wangu."

"Si neno, Boay. Umefanya kazi nzuri. Mimi nimeridhika." Akaanza kufunga darubini yake kwenye mfuko, taratibu, akihakikisha kila kifungo.

Kama angelalamika, Boay angevumilia. Wanaolalamika alikuwa amewazoea. Lakini kule kuridhika kulimwingia mwilini kama baridi. Kwenye upenyo akaona pundamilia mmoja ameshuka mpaka majini, maji yamefika magotini, anakunywa. Alikuwa anakunywa tu. Boay alikuwa ameona jambo hilo mara elfu na alijua. Angesogea peke yake, lingekuwa kosa lake mwenyewe. Wangesogea wote, ingekuwa desturi. Alishika redio, akaisogeza mdomoni, akaibana sauti yake puani.

"Wameingia."

Gari la Tarmo ndilo lililokuwa karibu na njia. Kijana alitoka kwanza, na wengine thelathini wakamfuata vumbi likitimka. Nyumbu walivunja safu. Hawakuwa wameanza kuvuka. Walianza sasa, kwa hofu, palipo pabaya, wakijirusha kutoka kwenye genge lenye mawe chini. Wageni walipiga kelele za furaha kwenye magari yote. Bwana Wouter alisimama, mkono begani kwa Boay, akilia kwa sauti. Boay alitazama kwa darubini na kuona ndama chini ya mawe, wengi, wengine bado wanajaribu kusimama kwa miguu iliyokwisha kuvunjika. Akawasha gari mapema, akasema wasije wakachelewa ndege.

Jioni hiyo picha ilianza kuzunguka kwenye simu za watu: nyumbu hewani, ndama maweni, na mbele kabisa gari moja, namba zake zinasomeka. Gari la Tarmo.

Kwenye kiwanja cha ndege mzee alikuwa amemkabidhi Boay bahasha nene. Boay alinunua godoro jipya. Tarmo alipofika Tloma na begi lake, hilo ndilo godoro alilotandikiwa.

*

Alhamisi mama mkwe alifika kutoka upande wa Mbulu, na kibuyu cha maziwa ya mgando mgongoni. Nyumba nzima walimwita Aayo, yaani mama. Alikuwa na rozari shingoni na Looa, lile jua waliloliomba wazee wake, mdomoni, wala hakuona ugomvi wowote kati ya hao wawili. Boay alimpokea kwa macho yaliyotazama chini, kama inavyompasa mkwe.

"Nimekuja kukushukuru kwanza," Aayo alimwambia. "Mwanangu ametupwa na kila mtu, wewe ukamfungulia mlango. Si kila mkwe angefanya."

"Ni ndugu yangu, Aayo."

"Ndiyo, lakini hata ndugu siku hizi wanachagua. Mungu akuzidishie."

Boay alisema asante. Akatoka kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote, akakaa huko zizini karibu saa nzima.

Asubuhi, jua lilipotokeza juu ya mashamba ya ngano, Aayo aliwaita wote uani. Natalia na wadogo zake wawili wakiwa na sare za shule, Emiliana na mikono yenye unga, Boay, na Tarmo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Aayo alisema. "Aliyefanya hivi ni mmoja wa hao hao mnaokula nao. Mimi sina kamati, sina wakili. Namwachia anayeona." Akamwelekea mjukuu mdogo. "Nitasema, na nyie mtaitikia 'Iwe hivyo.' Wote."

Boay alitafuta sababu ya kuondoka. Gari? Aliliosha jana. Simu? Ilikuwa ndani na haikulia.

Aayo alivua kitambaa kichwani, akatema mate kidogo upande wa jua. "Looa, wewe unayeona bila kuambiwa. Sauti iliyomdanganya mwanangu unaijua. Mwenye sauti hiyo, akila asishibe."

"Iwe hivyo," wakaitikia, na watoto waliitikia kwa furaha kama wimbo wa shule.

"Akilala asipumzike."

"Iwe hivyo."

"Akiita, asiitikiwe."

"Iwe hivyo."

Aayo akageuka. "Baba Natalia, mbona sikusikii?"

"Nimeitikia, Aayo."

"Itikia kwa nguvu. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Neno lako ndilo lina uzito."

Emiliana alimkonyeza mumewe: msikilize mama, yataisha. Boay akafungua mdomo. "Iwe hivyo!" alisema, kwa sauti iliyowashtua kuku.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakuitikia hata mara moja. Tarmo alikuwa ameinama, anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, na aliendelea kukwangua hata tope lilipokwisha. Hakuna aliyemwona isipokuwa Boay.

*

Ijumaa jioni, chakula bado kiko jikoni, simu ya Boay ililia ikiwa mikononi mwa Natalia, aliyekuwa anaichezea kama kawaida yake. Natalia alikuwa darasa la sita, katika shule inayofundisha kwa Kiingereza, na hakuacha nafasi ya kujionyesha.

"Baba, ni ujumbe kutoka kwa yule babu wa Uholanzi! Na picha! Nisome?"

"Lete hapa."

"Soma, soma," Aayo alisema. "Nami nisikie Wazungu wanasema nini."

Natalia alisimama katikati ya sebule. "Anasema hivi: Rafiki yangu Boay. Nimefika nyumbani salama. Kila siku nafumba macho na kuwaona wanyama wale wakivuka. Binti yangu anasema tangu mama yake afe hajaniona nikifurahi namna ile. Ulinipa siku bora kabisa ya uzee wangu. Nikifa, nitakwenda nayo. Asante." Alimeza mate. "Halafu ametuma picha, Baba, wewe na yeye mmesimama kwenye gari."

"Maskini," Emiliana alisema. "Ona jinsi mtu anavyoshukuru. Kumbe katika ubaya wote ule, kuna aliyepata baraka."

Simu ilizunguka, ikamfikia Tarmo. Aliitazama picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili.

"Shemeji, huyu alikuwa kwenye gari lako siku ile?"

"Ndiyo."

"Mlikuwa kichaka cha kushoto."

"Ndiyo. Cha mwisho."

"Pale mto unaonekana kidogo."

Aayo alikuwa anamuuliza Natalia kama Uholanzi kuna ng'ombe. Emiliana alikwenda kuutazama ugali. Boay aliangalia mlango wa jikoni.

"Kidogo," alisema.

Tarmo alimrudishia simu. "Ni vizuri mzee alifurahi," akasema, na kwa jinsi alivyosema, Boay hakuona kejeli yoyote ndani yake. Angeona kejeli, angepata pa kushikia. Angekasirika.

*

Jumamosi Emiliana alimnyooshea Tarmo shati jeupe la Boay, maana lake lilikuwa limechakaa kolani. Tarmo akaibandika beji yake kifuani. Barua ya kamati ilisema aje nayo.

"Umependeza kama bwana harusi," dada yake alimtania, na sauti ikamkatika katikati ya utani.

Walishuka Karatu wawili tu. Boay alikuwa amejiandalia sentensi yake tangu alfajiri: *Niliyesema ni mimi.* Maneno matatu. Aliyarudia akifunga kamba za viatu, akayarudia akinawa uso. Ndani ya gari aliyajaribu kwa namna nyingine.

"Tarmo."

"Naam, shemeji."

"Leo wakikuuliza…"

"Nitasema nilichosikia."

"Na wakiuliza ni nani aliyesema?"

Tarmo alitazama nje, kwenye mashamba yaliyovunwa. "Hilo nimemwachia mwenyewe," alisema.

Basi alijua. Boay hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikaza mikono kwenye usukani na kusema moyoni: nikifika tu, kabla sijakaa kitini, nitasema. Alimaanisha. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na yeye alikuwa mtu wa kuheshimu wahenga, hasa siku ambazo hawamgharimu kitu.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano nyuma ya soko. Wazee watano mezani, madereva kama ishirini kwenye viti vya plastiki. Boay alikaa karibu na Tarmo, magoti yao yakigusana. Alikaa kabla ya kusema.

Mwenyekiti, Dahaye, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma mashtaka. Kisha akainua kichwa. "Kijana, unasema ulisikia 'Wameingia.' Nimeuliza madereva ishirini na sita. Wote wanasema hawakusikia kitu, walifuata gari lako tu. Je, wewe peke yako una masikio?"

Baadhi wakacheka. Walikuwa wamesikia, wote, lakini aliyekiri kusikia angelazimika kueleza kwa nini hakuhakikisha, na kila mmoja alikuwa na watoto wake.

"Nilisikia, mwenyekiti," Tarmo alisema.

Hapo Mzee Ombay akasimama nyuma ya ukumbi, kofia mkononi. "Mimi nilikuwa jicho siku hiyo," alisema. "Sikuita. Lakini nilisikia sauti ikiita. Nilinyamaza kwa sababu niliona aibu, kwamba mtu ameiba kazi yangu nami nimetazama tu. Kijana hasemi uongo. Sauti ilikuwepo."

Dahaye alivua miwani. "Kama ni hivyo, mambo yamebadilika. Aliyefuata sauti ana kosa dogo. Msimu mmoja nje, anarudi. Aliyeita bila kuona, huyo jina lake linafutwa, na hataendesha mgeni tena maisha yake yote. Nawauliza wote mlio humu, mbele ya Mungu. Ni nani aliyeita?"

Maneno yalikuwa pale pale, nyuma ya meno. Boay aliyahisi. Alihisi pia karo ya Natalia, nyumba ambayo haijapigwa lipu upande wa nyuma, miaka kumi na tisa, jinsi watu wanavyompisha njia sokoni. Akasema moyoni: nihesabu tatu. Akahesabu. Akasema: nipumue kwanza. Tarmo aligeuka akamtazama, si kwa hasira, alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake mlangoni akimpisha atangulie. Boay akatazama viatu vyake.

"Basi," Dahaye alisema, "kama mwenyewe hayupo, nitawaita mmoja mmoja, na kampuni zenu zitaletewa…"

"Niandikeni mimi," Tarmo alisema.

"Nini?"

"Mimi ndiye niliyeita. Niliita mwenyewe nikatoka mwenyewe. Wageni wangu walikuwa wanachelewa."

Manung'uniko yalipanda. Mzee Ombay alikunja uso na kukaa taratibu. Na Boay? Ni vigumu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Boay alishukuru. Kabla ya aibu, kabla ya huruma, mwili wake wote ulilegea kwa shukrani, akavuta pumzi ndefu mpaka chini ya tumbo. Ilikuwa pumzi tamu. Alipoitoa ndipo alipojua yeye ni mtu wa namna gani.

Tarmo aliambiwa aiweke beji mezani. Pini ilikuwa imekaza. Aliivuta, ikaacha matundu mawili kwenye shati.

*

Nje, Boay alimkimbilia hadi kwenye uzio.

"Tarmo, mdogo wangu. Ngoja. Narudi ndani sasa hivi, nakwenda kusema."

"Nenda basi, shemeji," Tarmo alisema. "Mlango bado uko wazi."

Boay aligeuka. Wazee walikuwa wanatoka, wakijinyoosha migongo. Dahaye alimwona, akamjia na mkono ulionyooshwa.

"Pole sana, ndugu yangu. Ndiyo vijana wa siku hizi, wanatuaibisha. Najua ni wa nyumbani kwako, lakini ulikaa naye mpaka mwisho, watu wameona. Mwezi ujao tuna vijana wapya kumi na wanne, tunataka wewe uwafundishe taratibu za mtoni. Nani mwingine ana miaka kama yako?"

Mkono ulikuwa wa joto. Boay aliushika.

"Asante, mwenyekiti," alisema.

Alipogeuka tena, Tarmo alikuwa ameshavuka barabara, amesimama kando ya lori la kwenda Mang'ola ambalo lilikuwa linapakia magunia matupu. Boay alimfuata akihema.

"Unakwenda wapi? Twende nyumbani tukale."

"Mang'ola, kwenye vitunguu. Kuna jamaa ananihitaji kumwagilia."

"Wewe? Kumwagilia vitunguu? Tarmo, unajua ndege mia nne!"

"Na huko wapo," Tarmo alisema, akakanyaga tairi na kupanda juu. "Shati nitakurudishia. Mwambie dada asihangaike. Niliwafikiria wale watoto wake, basi. Sikukufikiria wewe."

*

Emiliana na Aayo walikuwa wamekaa uani, wamenyoosha miguu, wanachambua maharage. Emiliana aliruka aliposikia gari, na maharage yakamwagika.

"Yuko wapi? Wamesemaje?"

"Amepanda lori la Mang'ola. Wamemfutia," Boay alisema.

"Wamemfutia kesi?"

"Jina. Wamefuta jina lake."

Aayo aliweka ungo chini. Emiliana alishika kiuno. "Kwa nini? Kwa kuwa wa kwanza kutoka? Si uliniambia hata ikiwa mbaya ni msimu mmoja tu?"

"Amekiri." Boay hakuwa na nguvu ya kutafuta uongo mwingine, akatumia ule aliopewa. "Amekiri mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyeita kwenye redio."

Emiliana alimtazama. Alitazama kwa muda, kichwa kimeinama upande, kama anapopima kama nyama ya buchani ni ya leo au ya jana.

"Tarmo aliita kwenye redio?"

"Ndivyo alivyosema."

"Redio ya Tarmo haisemi," Emiliana alisema. "Kitufe chake kilikuwa kimekufa. Wiki nzima ile alikuwa ananipigia simu analalamika, 'dada, nasikia wenzangu wote wanaongea, mimi nimekuwa bubu, kampuni haitaki kutengeneza.' Tulimcheka hapa na watoto. Wewe ulikuwa porini." Akasogea hatua moja. "Tarmo hawezi kuita, Baba Natalia. Amekubali kosa la nani?"

Natalia alitokeza mlangoni na kitabu, akaona nyuso zao, akasimama.

"Nakuuliza. Mdogo wangu hawezi kujinyonga kwa ajili ya mtu baki. Ilikuwa sauti ya nani?"

"Yangu," Boay alisema.

Ilitoka ndogo, karibu haikutoka.

"Aayo masikio yake ni mazito," Emiliana alisema. "Sema kwa sauti ile uliyowaitia wenzako."

"Ilikuwa sauti yangu, Aayo. Mimi ndiye niliyesema wameingia. Hawakuwa wameingia. Niliona, nikajua, nikasema."

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliokota maharage yaliyokuwa karibu na miguu yake, moja moja, akayarudisha kwenye ungo. Kisha akauliza, kwa upole ule ule aliomshukuru nao Alhamisi:

"Na leo, mbele ya wazee, ulikaa mbali naye?"

"Hapana, Aayo. Nilikaa karibu naye."

"Karibu kiasi gani?"

"Magoti yalikuwa yanagusana."

"Wakauliza ni nani."

"Wakauliza."

"Ukasema nini, mwanangu?"

Boay alimtazama mke wake, akamtazama binti yake mlangoni. Hakuna aliyemsaidia.

"Sikusema kitu."

Aayo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei akajua hawezi kuilipa. Akashika ukuta, akainuka.

"Emiliana, nifungie nguo zangu. Yuko Mang'ola, siyo? Huko hana wa kumpikia."

"Nitakupeleka na gari, Aayo," Boay alisema haraka. "Nitakupeleka sasa hivi. Kisha nitapita kwa mwenyekiti, nitamweleza yote, wallahi nitamweleza."

"Pita kwa mwenyekiti," Aayo alisema. "Mimi nitapanda lori."

Emiliana alikuwa ameshaingia ndani. Walimsikia akifungua sanduku, kisha akilikokota godoro kutoka chumba cha wageni. Alilitoa mpaka uani, amelikunja na kulifunga kwa kanga yake, akalitua miguuni mwa mama yake.

"Mpelekee na hili," alisema. "Alale."

Natalia alishika upande mmoja wa mzigo, bibi yake upande wa pili, wakaanza kuteremka njiani kwenda barabarani. Boay aliwafuata mpaka getini akiwa na funguo za gari mkononi. Aliita jina la binti yake mara mbili. Ya pili kwa sauti kubwa. Natalia alisikia, na Boay aliona kwamba amesikia, maana mabega yake yalipanda, lakini hakugeuka.